Prizi Moja kwa Watu Watatu

Mama yangu alitulea kwa moshi. Baada ya baba kupotea, alijenga tanuri la udongo nyuma ya nyumba yetu katika mtaa wa Kasuku, mjini Kindu. Asubuhi alikuwa akishuka mtoni kununua samaki kwa wenye mitumbwi, na kutwa nzima alikuwa akiwageuza juu ya moto wa kuni mbichi, macho yakimtoka machozi. Sare zetu za shule zilinuka samaki, mpaka wenzetu darasani walikuwa wakijiziba pua tukikaa karibu nao. Lakini tulikula, tukasoma, na kaka yangu akapata njia ya kwenda Afrika ya Kusini kufanya kazi. Moshi wenyewe ulibaki kifuani mwa mama.

Alianza kwa kukohoa. Kisha akawa hawezi kutoka nyumbani hadi sokoni bila kupumzika njiani. Mwishowe daktari wa Kindu alimpima, akanivuta pembeni, akasema mapafu yake yamechoka sana na hapa hapana kitu zaidi anachoweza kumfanyia. Kaka yangu alipata hospitali huko Johannesburg, akatutumia tiketi pamoja na mashine ndogo ya kuvuta hewa ya oksijeni. Ilikuwa ndani ya mfuko mweusi wenye mkanda, na mrija mwembamba ukitoka humo kwenda kwenye pua za mama. Mtu asiyeijua angesema ni mfuko wa kompyuta.

Kazi kubwa haikuwa mashine. Ilikuwa kumfanya mama apande ndege.

Wakati wa vita, treni ilikuwa haiji tena Kindu na mto ulikuwa umefungwa. Vitu vyote vilipita juu. Ndege za mizigo zilitua na chumvi, sabuni na bia, zikaondoka na magunia ya madini. Hazikuwa na viti. Abiria walikaa juu ya mizigo na kushika kamba. Baba alikuwa fundi wa reli asiye na reli, kwa hiyo siku moja alipanda ndege kama hiyo kwenda Goma kutafuta chumvi ya kuuza. Chumvi ilifika. Baba hakufika. Sisi watoto tuliambiwa tu kwamba ndege ilirudi bila yeye. Kila ndege iliposikika juu ya nyumba, mama aliacha samaki wake motoni na kukimbia kiwanjani, na tulizoea kula samaki walioungua siku hizo. Sijui aliacha lini kukimbia. Najua tu kwamba tangu hapo hakutaka kusikia mtu akimtajia ndege.

Safari hii alikubali kwa sababu alitaka kumuona kaka yangu. Alifunga macho tangu Kindu mpaka Kinshasa, na mkono wangu aliuminya hadi ukafa ganzi.

Mashine ilikuwa na betri mbili. Kinshasa tulilala kwa shangazi yangu, na umeme ulikatika mtaa mzima, kwa hiyo betri moja tu ndiyo iliyoamka imejaa. Sikuogopa sana. Mtu aliyetukatia tiketi alinihakikishia kwamba katika ndege kubwa kila kiti kina prizi yake, tundu la kuchomekea umeme, na watu hufanya kazi na kompyuta zao mpaka wanafika. Lakini uwanjani tulicheleweshwa. Tulikaa kwenye viti vya chuma, mashine ikipiga pumzi zake fupi, nami nikitazama taa za betri zikizimika moja moja. Nilizunguka kuta zote kutafuta prizi. Mbili nilizoziona zilikuwa na nyaya za simu za watu zimerundikana kama mizizi, na nilipowaomba wakachomoa, nikakuta hazina umeme. Walikuwa wamechomeka kwa matumaini tu.

Ndani ya ndege mama alikaa dirishani, mimi katikati, na kwenye kiti cha njiani akaja mwanaume wa umri wangu, suti imemkaa vizuri, macho mekundu kama ya mtu ambaye hajalala. Kabla hatujaruka, alikuwa ameshafungua kompyuta yake. Prizi ilikuwa chini, kati ya viti, na taa ndogo ya kijani. Wahudumu waliiwasha tulipokuwa tumeshapaa. Yeye alichomeka, mimi nikachomeka. Taa ya kijani ikazimika.

Nilichomoa, ikawaka. Nikachomeka tena, ikazimika. Nilimwita mhudumu, dada mmoja mwenye sauti ya upole, akainama na kutazama.

"Umeme wa hapa ni mdogo," alisema. "Safu nzima inagawana. Ni kwa simu na kompyuta. Vitu viwili vikubwa vikichomekwa pamoja, unajikata wenyewe."

Alijaribu prizi ya safu ya nyuma, ilikuwa imekufa kabisa. Hapakuwa na kiti kingine kitupu. Akamgeukia yule mwanaume na kumuomba kwa Kifaransa kama anaweza kuchomoa kidogo.

"Siwezi," alijibu bila kuinua macho. "Samahani, lakini siwezi."

Nilimwambia, "Kaka, ni mama yangu anayehitaji."

"Kila mtu ana mahitaji yake, dada. Prizi hii si yenu peke yenu. Tumekuja pamoja. Niache nimalize."

Mhudumu alisema hawezi kumlazimisha mtu, kisha akaninong'oneza kwamba ataenda kumuuliza rubani kuhusu chupa ya oksijeni ya ndege. Akaondoka haraka. Mimi hasira zilinipanda. Nilimwambia yule mwanaume maneno ambayo sijawahi kumwambia mtu nisiyemjua. Nilimwita mtu asiye na mama. Watu wa safu za mbele waligeuka. Naye akanijibu kwa sauti ya juu kwamba wanawake wa siku hizi wanataka dunia nzima isimame kwa ajili ya vitu vyao.

Mama alinigusa goti.

"Mwanangu, hapana mugombeze," alisema. "Na yeye iko na kazi yake. Anaandika kitu ya maana, angalia uso yake."

"Mama, usiongee. Tunza pumzi."

Wakati huo mashine ikaanza kulia. Ni mlio mkali, wa kukata masikio, umetengenezwa makusudi ili asiwepo wa kusema hakuusikia. Taa ya mwisho ya betri ilikuwa nyekundu. Nilifungua mfuko, nikamvua mama mtandio aliojifunika, na mrija ukaonekana wote, tangu mashine hadi puani mwa mama, na midomo ya mama ilikuwa imeanza kubadilika rangi.

Yule mwanaume alitazama mrija. Akautazama kama mtu anayesoma neno gumu. Kisha akavuta waya wake kwa nguvu hata prizi ikatoa cheche. Kioo cha kompyuta yake kikawa cheusi papo hapo. Nilichomeka mashine. Taa ya kijani iliwaka na safari hii ikabaki.

"Nilidhani ni kompyuta," alisema. "Niliona mfuko. Nilidhani nawe unataka kuchaji kompyuta. Kwa nini hukusema ni ya kupumulia?"

Nilikuwa nimesema mambo mengi na hilo sikulisema.

Mhudumu alirudi na chupa ya oksijeni mkononi, akaiweka miguuni petu kama akiba. Mama alivuta hewa, akafumba macho, na rangi ikamrudia taratibu. Hapo ndipo nilipomtazama jirani yetu vizuri. Alikuwa ameweka mikono juu ya kompyuta iliyozimika.

"Iwashe kwa betri yake," nilimwambia.

"Haina betri. Ilikufa zamani. Ikichomolewa inazima, na nilichoandika sikukihifadhi."

Akanieleza, polepole, kwamba ana binti Johannesburg, anaishi na mama yake. Kesho asubuhi hakimu angeamua kama ataruhusiwa kumuona mtoto au la. Hakuwa na uwezo wa kumpata wakili. Alikuwa akiandika maelezo yake mwenyewe, na Kiingereza kilikuwa kinamsumbua, alikuwa akitafuta kila neno ndani ya kamusi ya kompyuta.

Nilimpa kalamu. Karatasi hakuwa nayo, wala mimi. Alichukua mfuko wa karatasi wa kutapikia uliokuwa mfukoni mwa kiti, akaupasua, akaukunjua juu ya meza na kuanza upya. Aliandika, akafuta, akaandika.

Mama alipofumbua macho aliuliza yule kaka anaandika nini. Nilimtafsiria. Alimtazama akiandika, halafu akasema, "Mwambie aksanti. Mwambie nitamuelezea kitu."

"Mama, pumzika."

"Mwambie."

Basi nikawa mkalimani. Mama alisema sentensi fupi fupi, akingoja mashine imletee hewa, nami nikizigeuza Kifaransa kwa mtu aliyekuwa na kalamu mkononi.

"Bwana yangu alikuwa mu ndege ya chumvi. Ilitua mu kiwanja moja kule msituni. Pale kulikuwa mama moja mwenye mimba, uchungu umemushinda. Walitaka kumuleta Kindu, ku hospitali. Ndege ilikuwa imejaa. Rubani akasema muntu moja ashuke."

Nilisita. Sikuwa nimewahi kusikia hadithi hii.

"Tafsiri," mama aliniambia.

Nilitafsiri.

"Bwana yangu njo alishuka. Alisema atakuja na ndege ya kesho. Kesho yake vita ikaingia pale. Mupakizi moja wa ndege njo alikujaka kunielezea."

Yule mwanaume aliweka kalamu chini.

"Nilienda ku hospitali kumutafuta yule mama. Nilikuwa na maneno mingi. Nikamukuta analala, mutoto ku kifua. Nikarudi nyumbani, sikusema kitu. Lakini nilimuchukia. Miaka mingi nilimuchukia, kila siku." Alivuta hewa. "Leo miye njo yule mama."

Nilishindwa na sentensi ya mwisho, kwamba leo yeye ndiye yule mama. Niliisema kwa Kifaransa kibovu, nikilia, na sijui alielewa nini. Lakini aliinuka nusu, akapita mbele yangu, akaushika mkono wa mama kwa mikono yake yote miwili. Kisha akarudi kwenye karatasi yake.

Nilimuuliza mama kwa sauti ya chini kwa nini hakutuambia.

"Mungemutafuta yule mutoto," alisema. "Mungemuchukia na ninyi. Kindu ni ndogo."

Nilitazama mawingu chini yetu nikifikiria vijana wote waliozaliwa mwaka ule wa vita ambao nimesalimiana nao sokoni, kanisani, mbele ya msikiti, bila kujua ni yupi.

Tulipotua, wahudumu walizima prizi, na mama alishuka akipumulia ile chupa, kwenye kiti cha magurudumu. Jirani yetu alitubebea mizigo hadi mlangoni. Pale foleni zikatutenga. Nilimuona kwa mbali akisoma karatasi yake, midomo ikitembea. Sikuwa nimemuuliza jina.

Mama alitibiwa. Hakupona, maana kitu kile hakiponi, lakini alipata nguvu za kurudi nyumbani, na hakutaka kukaa kwa kaka yangu hata mwezi mmoja zaidi ya alioambiwa na madaktari. Mara kwa mara, tukiwa tunakula, hunigeukia na kuuliza, "Yule kaka, walimupa mutoto wake?" Namwambia sijui. Halafu anasukuma sahani.

Siku hizi mashine yake inafanya kazi kwa paneli za umeme wa jua tulizofunga juu ya bati. Jua likiwaka vizuri, majirani huja kuchaji simu zao barazani, naye huwaruhusu wote, hata ninapokataza. Wiki hii mawingu hayajaondoka. Jana nilisimamisha moto, pikipiki ya kukodi, nikapanda nyuma ya dereva nikiwa nimepakata betri moja iliyokwisha, kwenda kwa mwenye jenereta karibu na bandari. Alikuwa amezima kwa kukosa mafuta. Alisema nijaribu tena leo. Mvua imeanza, na mama anapumua kidogo kidogo ili chaji iliyobaki kwenye betri ya pili itoshe.