Jasho la Dari

Bi Mwanakheri, mzaliwa wa Lamu, alikuwa amewapikia watu wa Gaithersburg, huko Marekani, biriani za arusi kwa miaka ishirini, na hakuna aliyethubutu kumfundisha jambo. Baridi ya Januari ilipokaza, alipanda mwenyewe darini akaziba matundu yote ya hewa ya paa kwa mablanketi chakavu. Mjinga gani anawasha hita kisha anaipasha moto mbingu?

Mwezi haujaisha, dari ikaanza kudondosha maji. Akamwita fundi Gwakisa, huku akimlaani aliyeezeka ile nyumba.

"Paa halivuji, mama," Gwakisa alimwambia kutoka juu ya ngazi. "Mvuke wa masufuria yako na pumzi zako mwenyewe vinapanda huku, vikigusa mbao za baridi vinageuka maji. Umeziba pa kutokea."

"Niteremshie ule mfuko mweupe niliouweka huko darini," Bi Mwanakheri akasema.

Ndani mlikuwa na sanda yake, aliyoinunua Makka na kuisuuza kwa maji ya Zamzam, ili akifa asimsumbue mtu. Ilikuwa imeota kuvu nyeusi kutoka pindo hadi pindo.

Bi Mwanakheri aliikunja taratibu.

"Nimeipumulia," alisema, "mpaka imenitangulia kuoza."