Shemeji na Waya Wake

Shemeji yangu, mume wa dada, ana kigari cha umeme kinachoishiwa chaji kila kilomita mia, na hadi kwa mama ni mia tano. Ati naye anasafiri! Kila akisimama, hutundika waya begani na kubisha hodi saluni au kwa fundi cherehani: "Naomba umeme kidogo, jamani." Akingoja chaji, huwamenyea viazi, huwabebea watoto, hucheka kicheko chake cha kukohoa. Mimi na gari langu kubwa hufika siku hiyohiyo ya kuondoka. Yeye hufika kesho yake, buti limejaa zawadi za watu aliokutana nao njiani. Juzi nilifika mapema, nikapiga honi. Mama yangu mzazi alitoka mbio, akachungulia barabara nyuma yangu.

"Ni wewe tu? Mkwe wangu umemwacha wapi?"