Nyumba ya Naipanoi ng'ambo ya kijito

Ilikuwa mwaka 1961. Hapana, nimekosea, ule ulikuwa mwaka wa ukame, punda wasingekuwa na nguvu ya kubeba nyumba. Ni 1963, Januari.

Moloimet, mumewe Naipanoi, alichunga upande wa Ngorongoro. Darasa la karibu nao lilikuwa moja tu, la udongo, na mwalimu wake aliaga kwenda msibani asirudi tena. Ng'ambo ya kijito, upande wa Karatu, ilikuwepo shule ya mabati yenye walimu wawili, ila ilichukua watoto wa wenye nyumba ng'ambo hiyohiyo tu. Abbasi mwenye duka ndiye aliyewaambia, akaongeza kwamba orodha inafungwa mwisho wa mwezi, na kwamba Soila, binti yao, mwakani atakuwa amepita umri.

Naipanoi, mama yake Soila, hakubishana na mtu. Kwao Wamasai nyumba hujengwa na mwanamke, nayo ni yake. Aling'oa fito, akakunja ngozi, akapakia punda wawili, akavuka na mtoto. Wiki mbili alikandika matope na mavi ya ng'ombe mpaka viganja vikapasuka. Ng'ombe walibaki kule juu, maana huku kote ni ngano. Moloimet akawa anateremka kila siku ya tatu kulala kwa mkewe.

Siku ya mwisho walikwenda shuleni, Abbasi akiwa shahidi. Mwalimu mkuu, mtu mpole tu, akaandika jina la Soila, kisha akauliza:

"Mzee, nyumba yako iko wapi?"

"Mimi sina nyumba," Moloimet akajibu kwa heshima.

"Huna?"

"Nyumba ni ya huyu mama. Mimi nina ng'ombe, na wako kule juu."

Abbasi alimkanyaga mguu, lakini alikuwa amechelewa. Naipanoi Kiswahili chake kilikuwa cha mnadani, ila aliiona kalamu ikipita juu ya jina la mwanawe. Akamshika mtoto mkono, akatoka.

"Wewe mzee," Abbasi akanong'ona, "ungesema ni ile pale, ungekufa?"

Kesho yake Moloimet alirudi peke yake. Akaambiwa orodha imekwenda. Hakugombana. Alisimama mlangoni, akamuuliza mwalimu neno ambalo baadaye alimuuliza Abbasi, na karani, na kila aliyevaa viatu:

"Mwanamume akisema nyumba ni yake, wala hakusimamisha hata ufito mmoja, kwenu huyo si mwongo?"