Tumbo la Ndege

Sikuwahi kusema kwamba nilirusha ndege. Hilo naliweka wazi mapema, maana mpaka leo wapo watu wa Bwera wanaoniita mwongo, na mimi hasira zangu ziko karibu. Nilichofanya ni kunyamaza tu. Niliporudi nyumbani kutoka jeshini, mwishoni mwa miaka ya sitini, mgongo umekwisha kabisa, watu waliniuliza nilikuwa kitengo gani. Nikajibu, "Ndege." Basi. Yaliyobaki waliyamalizia wenyewe, na aliyeyamalizia kwa bidii kuliko wote ni baba yangu.

Kazi yangu ilikuwa kuosha. Miaka minne nililala chali chini ya ndege za jeshi, ndoo ya sabuni huku, tambara la mafuta ya taa huku, na afande akinifokea, "Wewe! Tumbo bado chafu! Rudi chini!" Nikarudi chini. Nilizijua zile ndege kwa chini kama mama anavyomjua mtoto mgongoni. Ukiniuliza ndani kulikuwaje, sijui, sikuingia hata siku moja.

Baba alikuwa akivuka Mpondwe kuuza maharage upande wa Kongo, na Kiswahili chake alikiokota huko huko. "Mutoto yangu aliendesha ndege," aliwaambia watu wa Nyakiyumbu. "Alipita juu ya nyumba, nikamupungia mukono!" Alinipungia mimi! Siku hiyo huenda nilikuwa nafua matambara. Ilifaa nimkatize palepale, lakini nisikilizeni kwanza: tangu utotoni baba alikuwa akiniita mvivu, tena mbele ya wageni. Sasa kwa mara ya kwanza alikuwa akinitaja huku anacheka. Nani angemkatiza? Mimi sikuweza.

Uchoraji ulianza kwa mchezo. Mfanyabiashara mmoja Mwislamu wa Kasese alitaka lori lake lipambwe, nami nikamchorea ndege ubavuni. Haukupita mwezi kila mwenye lori akataka yake. Halafu mama mmoja wa Butembo, aliyekuwa na hoteli ya chai na chapati karibu na stesheni ya Kasese, akanipa ukuta mzima wa ndani. Nikachora ninavyojua: ndege kubwa inayoonekana kutoka chini, tumbo wazi, magurudumu, ribiti zote zinazoshika mabati, na nyuma ya injini ule mstari mweusi wa oili unaovuja na kurudi nyuma.

Yule mama akasimama, mikono kiunoni. "Na madirisha iko wapi?"

"Ukiwa chini huyaoni, mama."

"Na weye rubani, chini ulikuwa unatafuta nini?"

Lo! Nikajifanya nasafisha brashi. "Mambo ya jeshi hayo," nikasema. Akacheka, akanimiminia chai.

Ukuta ulipokwisha, baba akapanda lori kutoka Bwera kuja kuuona. Alivaa koti lake la kanisani, akakaa kuelekea picha, na kila mteja aliyeingia alielezwa ni kazi ya nani. Mchana akaingia Mzungu mmoja mzaliwa wa Nairobi, rubani wa kweli mwenye sare yake, aliyeleta wageni wa mbugani kwa kindege kidogo na kukiacha uwanjani pale Kasese. Chapati mdomoni, aliinua macho kwenye ukuta, akaacha kutafuna.

"Nani amechora hii?"

Baba akasimama wima. "Ule pale ni mutoto yangu! Iko rubani kama weye!"

Yule bwana akausogelea ukuta, akapitisha kidole juu ya mstari wa oili, polepole. "Mimi ni rubani miaka mingi," akasema, "na huu mstari sijawahi kuutazama vizuri hivi." Akanigeukia, uso umejaa furaha, hana ubaya wowote. "Ndugu, wewe ulirusha ndege gani?"

Ningeweza kutaja ndege yoyote, majina yote nilikuwa nayo. Lakini mstari ule ulikuwa wangu. Niliufuta kila asubuhi kwa miaka minne, kesho yake umerudi, na leo mtu wa kwanza kuuona nimwambie ni wa rubani fulani ambaye hakuwahi kuwapo? Nikaona uchungu.

"Sikurusha," nikasema. "Niliziosha."

Baba akaweka kikombe chini. Akachukua kofia yake, akatoka.

Jioni ile alirudi Bwera amekaa mbele na dereva, mimi nyuma juu ya magunia. Tukapita Muhokya, tukapinda kona zote, hakugeuka hata mara moja. Niliona aibu, jamani, tena nililia. Bahati barabara ilikuwa na vumbi jingi, kila mtu macho mekundu.

Siku nne hakunisemesha. Salamu alimtuma mama. Siku ya tano, asubuhi, nikamwona anakuja nyumbani kwangu na mlango kichwani. Alikuwa ameung'oa mlango wa nyumba yake mwenyewe, ameacha kuku wanaingia watakavyo. Akauegemeza ukutani kwangu, akafuta jasho.

"Chora ndege," akasema. "Ile ya tumbo."

"Sawa, baba."

"Na hapa chini uweke weye. Na kitambaa chako ya kupanguza."

Nilichora ndege siku mbili nzima. Mimi mwenyewe nilijichora pembeni, nimelala chali, mdogo kama kiganja. Baba akaja kuuchukua. Akainama, akatazama, akaguna, akaurudisha palepale ukutani.

"Futa ule mutu," akasema, "umuchore mukubwa. Nyumba yangu iko mbali na njia. Watu wanaenda Mpondwe, watakuona namna gani?"