Nyamburi na Nyuzi Alizozificha

Nyamburi ni fundi cherehani. Kibanda chake kiko mtaa wa Iringo, nyuma ya maduka ya vitenge, na kama umewahi kuona wanakwaya wamevaa magauni yenye mikono kama mabawa ya kuku, jua hiyo ni kazi yake. Mikono ile sikuipenda na nilimwambia. Akanijibu, "Mama Edwin, wewe kaanga samaki wako." Ndivyo alivyo, mdomo anao. Ndiyo maana alipojifungua akawa bubu, nilijua kuna jambo.

Kwao ni Butiama. Ameolewa na Mugeta, dereva wa bajaji, mtu wa Bunda, na wanakaa hapa Kamunyonge, ukuta wao ndio ukuta wangu. Mimba ilikuwa ya kwanza na mtoto alikuja mkubwa, kichwa kama cha mzee wa baraza. Wakamwita Masatu. Nyamburi akarudi nyumbani anatembea polepole, miguu ameiachanisha kidogo. Majirani wakamuuliza, na mimi nikiwamo.

"Salama kabisa," akasema. "Sina hata mchubuko."

Uongo mtupu. Alikuwa amechanika msamba, ile nyama iliyo kati ya njia ya uzazi na njia ya haja kubwa. Si ajabu hata kidogo. Wanaojifungua mara ya kwanza wengi huchanika, huyu kidogo, huyu zaidi. Nesi alimchoma ganzi akamshona, akampa na maelekezo: ajisafishe kwa maji safi ya uvuguvugu kila atokapo chooni, ajifute kutoka mbele kwenda nyuma, abadilishe pedi mara kwa mara, anywe maji mengi, ale mboga na matunda, asibebe ndoo. Akiona usaha, harufu au homa, arudi mbio. Maelekezo mazuri, yakabaki kichwani kwake kama nguo iliyofungiwa kabatini.

Kwa nini afiche? Kwa sababu ukoo wa kina Mugeta una neno lao. Mwanamke akichanika wanasema alibana miguu, alimkazia mtoto, hakuwa na moyo wa kuzaa. Wifi yake mmoja alichanika, na mpaka leo kwenye sherehe wanamtania, "Huyu ndiye aliyefunga geti." Nyamburi alikuwa amelisikia geti hilo mara nyingi. Hakutaka la kwake.

Sasa akaja mama mkwe. Mama mzazi wa Nyamburi alishafariki, kwa hiyo wa kumkanda alikuwa huyu, Mama Jenoveva, mkulima wa pamba. Alishuka kwenye basi la Bunda na kuku mmoja, furushi la majani ya mwarobaini, na sufuria yake mwenyewe, maana za watu haziamini. Kijijini kwao anajulikana kwa kukanda wazazi. Mama mnene, mchangamfu, anavaa kanga mbili hata jua likiwaka, na kanisani hukaa benchi la mwisho karibu na mlango. Kitu kimoja kilinishangaza kwake: ukimchekesha amesimama, anatafuta kwanza pa kukaa, halafu ndiyo anacheka. Nikadhani ni mapozi.

Kukanda kwake ni kwa nguvu. Maji yanachemka mpaka mfuniko unacheza, kitambaa kinachovywa, kinakamuliwa, tumbo, kiuno, mapaja. Hapo sina ugomvi, na mimi nilikandwa. Lakini Jenoveva hamalizii hapo. Anakwenda mpaka chini kabisa, anakandamiza, "mwili ujifunge." Mimi ukutani kwangu nikawa namsikia:

"Tulia! Mzazi gani anatetemeka hivi? Sisi tulikuwaga tunakandwa, tunaamka tunakwenda shamba."

Nyamburi alisaga meno tu. Kukataa kungetaka sababu, na sababu ndiyo alikuwa ameificha. Akakubali mvuke na kiganja juu ya nyuzi, asubuhi na jioni.

Mugeta nje anafuta bajaji yake. Nikamuuliza, "Huyo mkeo mbona anahema hivyo?"

"Mama anajua, Mama Edwin. Amekanda watu wengi."

Wanaume! Hata tairi likilia anashuka kuliangalia.

Siku moja nikampelekea mchuzi wa sato na ugali wa muhogo. Nikamkuta kitandani amekaa kwa tako moja, kama kuku aliyekunja mguu. Mchuzi akanywa, ugali akausogeza kando.

"Kula."

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini, hewa? Unanyonyesha dume zima hilo."

Akainamisha kichwa. "Nikila nitakwenda choo. Nikienda choo naona nyota."

Nikasogea. Kulikuwa na harufu, na si ya mtoto. Nikamshika paji la uso, moto. Nikafunga mlango.

"Nyamburi, una nyuzi?"

Machozi yakamtoka hata kabla ya jibu. Akanieleza yote, geti na mengine. Akasema tangu jana anahisi pamefunguka, na kitu cha njano kinatoka. Akaniuliza kama ataweza tena kukaa kwenye cherehani, kama ataweza kuwa mke wa mtu. Mimi si nesi. Nikamwambia sijui, na anayejua yuko zahanati, si kwenye ile sufuria.

"Usimwambie mama."

"Atakuja na beseni jioni hii. Utamwambia wewe au nimwambie mimi? Mimi nikisema Kamunyonge nzima itasikia, unanijua."

Hakusubiri jioni. Jenoveva aliingia pale pale na beseni linafuka, kitambaa begani. "Ee, Mama Edwin upo? Vizuri, mshike miguu, leo anarukaruka sana."

Nikabaki nimekaa. Nyamburi akanitazama, akamtazama mama mkwe, akamdaka mkono kabla haujafika.

"Mama, usinikande huko. Nimeshonwa. Nilichanika."

Jenoveva akaweka beseni chini. Nilijiandaa kwa geti, na jibu lake nilikuwa nalo mdomoni. Lakini yule mama alikaa ukingoni mwa kitanda, akakunja kile kitambaa, akakunjua, akakunja tena.

"Kwa nini hukusema, mwanangu?"

"Mngenicheka."

"Nani, mimi?" Akavuta kanga yake ya juu. "Unafikiri hizi mbili ni za urembo? Mugeta alinichana, na hakuna aliyenishona. Mama mkwe wangu alinikanda, nikanyamaza kama wewe. Mpaka leo nikikohoa nimelowa. Nikicheka nimelowa. Unafikiri napenda benchi la mlangoni?"

Hakuna aliyecheka. Mtoto akapiga chafya, Jenoveva akasimama.

"Mugeta! Washa hicho kidude chako!"

Zahanati nesi alimpima, akafoka kidogo, halafu akaacha kufoka akafanya kazi. Nyuzi mbili zilikuwa zimeachia na pameoza juu juu. Hakumshona siku hiyo. Alisema kidonda chenye usaha hakifungiwi, kitasafishwa, atameza dawa, na kama nyama itaota yenyewe kutoka chini haitahitajika sindano tena. Jenoveva akauliza maswali mengi mpaka foleni ikanung'unika. Maji moto kiasi gani? Ya kuingiza kiwiko bila kushtuka. Tumbo je? Likande kwa upole, huko chini usiguse. Akauliza pia, kwa sauti ndogo, kama jeraha la zamani lina dawa. Nesi akamwambia lipo zoezi la kukaza misuli ya chini, na wapo madaktari wa kushona hata la zamani. Akamwandikia aende hospitali kubwa.

Kuanzia hapo sufuria ilichemsha maji ikayaacha yapoe. Jenoveva akapima kwa kiwiko. Alimlisha papai, mlenda na uji wa ulezi, akampiga marufuku ndoo, akamfukuza wifi mwingine aliyekuja na mdomo wake: "Geti? Njoo nikuonyeshe la kwangu." Choo cha kwanza baada ya hapo Nyamburi alilia, cha pili hakulia. Harufu ikaisha, homa ikaisha. Kidonda kilichukua muda wake, hakikumjali mtu. Mugeta naye aliambiwa asubiri mpaka mkewe aseme, na aliambiwa na mama yake, mbele yangu. Alitazama chini.

Nyamburi alirudi Iringo na kimto kidogo cha sponji. Baada ya muda nikakiona kimto kimetupwa juu ya kabati la vitambaa. Siku hiyo alikuwa amekaa kwenye kiti kitupu, makalio yote mawili, mguu unakanyaga cherehani, Masatu amelala kwenye boksi la vitenge. Jenoveva alikuwa amekuja kupimwa gauni la kwendea hospitali.

"Mikono nikuwekee kama ya wanakwaya, mama?"

"Ya kuku? Daktari atanifungia bandani!"

Jenoveva akavuta stuli, akakaa, ndipo akacheka.