Viatu Nilivyovibeba Hadi Iringa

Mchawi wangu ni Sanga, namtaja wazi. Mke wangu alipofariki nilitoka Mbeya kwa miguu kwenda Iringa kuposa mjane wa Kihesa, na Sanga ndiye mshenga wangu. Njiani akanishauri, "Kaka, usiseme umetembea. Watakuona fukara. Sema umepanda basi."

Viatu nilivibeba begani njia nzima visichakae, mimi nikaenda peku kwenye miiba. Mtoni, chini ya mji, nikanawa miguu ili nivivae. Ilikuwa imevimba kama magimbi, nikaisukuma ndani huku machozi yananitoka.

Ukweni nikasimama mlangoni kama bwana shauri wa serikali. "Basi letu lilikimbia vizuri," nikasema, wala sikuulizwa.

"Karibu ndani, mkwe. Vua viatu," akasema baba yake mjane.

Havikuvulika. Mzee akavuta kimoja, Sanga kingine, vikatoka pamoja na ngozi. Mzee akachomoa mwiba kisiginoni mwangu, akautazama.

Mjane akasema taratibu akichungulia kutoka jikoni, "Baba, kama basi tu limemchubua hivyo, jembe ataliweza?"

Aliyeanza kucheka ni Sanga.