Koti la Bwana na Kiberiti cha Askari

Leo nimemwomba askari kiberiti nikiwa na bastola kifuani, na nilipotumwa sikujua kama ninayo.

Sikilizeni.

Bwana wangu, yule mzungu ninayemfanyia ukarani, alikuwa dukani kwa Mhindi hapa Kisii. Anachagua bastola ndogo ya kutembea nayo kila siku bila mtu kuiona. Hii kitako chake kinene, ile inainua koti. Asubuhi nzima!

Mara akaniambia, "Karani, nje kuna manyunyu. Vaa koti langu, uniombee kiberiti kwa yule askari."

Nikashangaa. Tangu lini ananipa koti lake?

Katikati ya barabara, kitu kizito kikanigonga mbavuni. Nikaelewa. Lakini askari alikuwa ameshaniona.

Na mnajua siku hizi za hali ya hatari Mwafrika akikutwa hata na risasi moja ni kitanzi.

"Momura!" akaniita, yaani kijana kwa Kikisii, akalishika koti kolani. "Umeoa binti wa mzungu, nini?"

Nikacheka. Nikamwomba kiberiti, akanipa.

Niliporudi, Bwana alikuwa mlangoni akipiga makofi. "Amelishika koti na hajaona kitu! Nachukua hii."

"Na angeona, Bwana?"

"Ningemwambia ni mzaha."

Mzaha! Angemwambia lini, mimi nikiwa chini na tundu kifuani?

Kiberiti bado ninacho mimi. Yeye havuti hata sigara.

Kesho anataka kujaribu mkoba wa bastola wa kiunoni. Jamani, ninyi mngeenda kazini?